Kabla ya Kuuliza Bei ya Bunduki ya Baba

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo bado naikumbuka vizuri. Bunduki ya marehemu baba yetu ilikuwa imelazwa juu ya meza ya chakula, kitambaa cha mama cha kufuma kimesukumwa pembeni, na kaka yangu Wafula anaisifu kama mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa.

Tuliishi Shauri Moyo wakati huo. Ujanani mwake baba alimbebea silaha mwindaji mmoja Mzungu, na mwindaji huyo alipoondoka nchini akamwachia moja. Baadaye baba aliajiriwa reli, uwindaji ukapigwa marufuku, lakini bunduki akaitunza na kuilipia leseni kila mwaka. Ilikuwa ya kizamani. Karibu na kifyatulio ilikuwa na mkono wa chuma. Unaushusha na kuupandisha ndipo risasi iingie tayari kwa kupigwa. Risasi zenyewe zilipangwa ndani ya mrija uliolala chini ya mtutu. Ushike huo mrija, mwanangu, maana bila huo hutaelewa yaliyotupata.

Baba alipofariki, hata matanga hayajapoa, Wafula akaishusha kutoka juu ya kabati. Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea Industrial Area, mchapakazi, ila alichoka kupanga nyumba za watu. Alitaka kiwanja chake. Mfanyabiashara mmoja wa Gikomba akaja, akapapasa mbao ya kitako chake iliyopauka, akasema, "Buda, hii si ya kawaida. Kuna watu wanatafuta vitu vya zamani kama hivi. Hii ni ploti nzima."

Basi, kaka akawa hasikii lingine. Tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini methali hiyo huwa tunaikumbuka kwa ajili ya jirani.

Kila mgeni aliyekuja kutupa pole alionyeshwa bunduki. Wafula aliushusha ule mkono, akaupandisha, na kitu hakikutoka. "Mnaona? Tupu kabisa." Binti yake Nekesa, ambaye hata shule hajaanza, aliweka jicho kwenye tundu la mtutu. "Ndani kuna giza!" akasema, na sebule nzima ikacheka.

Mama hakucheka.

"Wafula, hii si redio," alisema. "Baba yenu hakuwahi kuiweka mezani. Aliyekuwa na leseni amekufa, na leseni imekufa naye. Jumatatu nakwenda kituoni."

"Mama, wataichukua!"

"Wakiichukua, waichukue."

Akaenda, peke yake, na kanga yake ya msiba kichwani. Kule akaambiwa kwamba hatuna ruhusa ya kukaa nayo, ila tunaweza kuipeleka kwa muuza bunduki mwenye leseni mjini aikadirie, kwa sababu ya mambo ya mirathi. Tukaenda watatu: mama, Wafula na mimi, bunduki imefungwa kwenye blanketi.

Muuzaji alikuwa mzee mtulivu, jina lake Bwana Mutiso. Wafula alianza kumweleza habari za ploti, lakini yeye aliinua kiganja tu. Akaigeuza bunduki mdomo wake utazame pipa la mchanga lililokuwa pembeni. Akaifungua, akamulika tochi mahali risasi inapokaa. Tupu. Wafula akatabasamu. Kisha Bwana Mutiso akafungua ncha ya ule mrija, akavuta springi, akagonga taratibu kwa kiganja. Mara ya kwanza hakuna kitu. Akagonga tena.

Ikatoka risasi moja, imeota ukungu wa kijani.

"Springi imechoka na kutu imeikamata," alisema. "Ndiyo maana risasi haikuwa inapanda. Mngeitia mafuta kidogo tu, ingepanda. Na mtu angevuta kifyatulio akidhani ni tupu."

Wafula alinitazama. Mafuta alikuwa ameshanunua. Alitaka ing'ae mbele ya mnunuzi. "Nekesa," alisema, na hapo hapo akaketi sakafuni, na koti lake la kwenda kanisani.

Bwana Mutiso alimngoja, kisha akamaliza kazi yake bila kuongeza chumvi. Mtutu umeliwa na kutu kwa ndani. Kitako kina ufa. Mkono unacheza, na kuna vipande vilivyotolewa kwenye bunduki nyingine. Wanaokusanya vitu vya kale, alisema, hutaka kitu kilivyotoka kiwandani, si kilichounganishwa hivi. "Mkipata bei ya mbuzi wawili, mshukuruni Mungu."

Mama ndiye aliyetukemea, tena kwa sauti ya chini. "Mmekuwa mkiuliza inauzwa ngapi. Hata mmoja hakuuliza imebeba nini."

Wafula hakutaka hata hao mbuzi. Aliipeleka kituoni kwa mikono yake, akaomba iharibiwe. Tuliporudi nyumbani, Nekesa alikuwa anaruka kamba barazani. Babake akambeba, akakaa naye mpaka mtoto akalalamika kwamba wenzake wanamngoja. Kiwanja alikipata baadaye sana, kwa kuchomelea mageti.

Siku hizi nakaa Buruburu, na nawaona ninyi mkirithi kitu, mnakipiga picha na kukituma kwenye simu kuuliza bei kabla kaburi halijakauka. Siwalaumu, maisha ni magumu. Lakini nyumba njema si mlango. Ukiachiwa kitu na aliyetangulia, iwe silaha, iwe shamba, iwe hata gari bovu, kwanza kijue hatari yake, pili sheria yake, na bei ije nyuma kabisa. Na mzee wa nyumba asipocheka mnapocheka, nyamazeni mmsikilize.

Mungu akupe urithi usiokudhuru, mwanangu, na watoto wako wacheze barazani mpaka uchoke kuwaita. Amina.