Mwanaheri na vitwitwi wa Boko

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwanaheri Salum anatembea polepole kwenye ufukwe wa Boko, kiroba mkononi, macho chini. Anaokota chupa za plastiki. Anatafuta pia mayai.

"Ukitembea haraka huku, unaua," anasema, akionyesha mchangani.

Ni mpaka uiname ndipo unayaona: mayai mawili yenye madoa, rangi ileile ya mchanga. Kitwitwi, ndege mdogo wa pwani, hajengi kiota mtini. Hukwangua mchanga kidogo, akataga hapohapo wanapopita watu.

Mwanaheri, mwenye miaka 46, ni mfanya usafi wa ufukwe huu kwa mwaka wa tisa sasa. Mayai ya kwanza kukutana nayo aliyakanyaga mwenyewe.

"Nilisikia kitu kimepasuka. Mama yao akawa anakimbia mbele yangu, anaburuza bawa kama limevunjika. Siku ile mie sikula."

Tangu hapo, kila akiona kiota huchomeka vijiti vinne na kuzungusha kamba. Mara nyingi vijiti huishia kwenye moto wa wachoma samaki.

Mwaka huu kiota kimoja kilikuwa hatua kumi kutoka goli la vijana wa mpira, na Idd ilibaki siku mbili. Alimwendea nahodha wao, Twalib.

"Shikamoo mama. Yaani tuhamishe uwanja kwa ajili ya ndege?" kijana alicheka.

Mwanaheri alimshika mkono, akamwinamisha kwenye kiota. Yai moja lilikuwa limetoboka, mdomo mdogo ukichungulia.

"Niliinuka palepale," anasema Twalib. "Nikawaambia wana, ng'oeni magoli."

Siku ya Idd vifaranga wawili walikuwa wameshatoka, na familia zilifurika. Mwanaheri alisimama juani mpaka magharibi, akiwageuza watoto. Mchana, alipokwenda kunywa maji, kifaranga mmoja alikanyagwa. Alimfukia, akarudi kusimama.

Msimamizi wake, Godlisten, alimpa onyo kwa taka zilizolundikana upande wa pili.

"Alikuwa na haki. Ila taka zingenisubiri."

Kifaranga wa pili aliruka wiki tano baadaye.

Jumamosi hii Mwanaheri atasimama kwenye mkutano wa mtaa, kwa mara ya kwanza maishani, kuomba kipande cha ufukwe kifungwe msimu wa kutaga. Maneno ameshayapanga.

"Nitawaambia, jamani, nipeni hatua hamsini tu, kwa miezi mitatu. Kote kulikobaki chezeni."