Hakuna Si Tusi

Katika hoteli ya watalii nilikofanya kazi tangu ujana wangu, ndani ya mbuga karibu na Voi, neno "hakuna" lilikuwa marufuku. Mgeni akiuliza kama kesho ataona chui, humwambii hakuna. Akitaka maziwa ya mlozi, na unajua friji ina ya ng'ombe tu, unatabasamu, unasema, "Ngoja niangalie," unaenda jikoni, unasimama nyuma ya mlango kidogo, halafu unarudi na chai ya tangawizi. Mimi nilikuwa bingwa wa kusimama nyuma ya mlango. Wageni waliniandikia sifa, na mwishowe nikapewa kuongoza mapokezi.

Niliondoka kwa sababu ya mke wangu, ingawa yeye hakuniomba. Desemba ndiyo msimu wa wageni, kwa hivyo Krismasi zote za ndoa yetu nilizisherehekea mbugani, nimevishwa kofia ya karatasi. Nilitaka kujua kwangu sikukuu huwaje. Nikapata nafasi kwenye agroveti mjini Voi, duka la dawa za mifugo na mbegu, kwa mama mmoja wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Akanipa muda wa majaribio mpaka mvua za vuli. Nikishindwa, sikuwa na pa kurudi, maana kiti changu cha mapokezi kilishapata mwenyewe.

Siku za mwanzo akaja mfugaji kutoka Marungu, mbuzi wake wanahara. Akataja dawa anayoitaka.

"Hiyo iko?"

Ilikuwa imeisha jana yake, na nilijua. Mdomo wangu ukasema, "Ngoja niangalie, mzee." Nikaingia stoo, nikasimama. Nilipotoka nikampa kiti, nikamletea maji, nikamuuliza habari za malisho. Alingoja kwa adabu kubwa mpaka pikapu iliyomleta ikaondoka bila yeye. Alipouliza tena, nikamwambia huenda kesho.

"Si ungeniambia tu?" akasema, wala hakukasirika. "Ngojangoja huumiza matumbo, na hapa matumbo ni ya mbuzi."

Akaenda duka la jirani. Mama mwenye duka, aliyekuwa amesikia yote, akaniita.

"Mbona wamngojesha mtu, na dawa wajua haipo?"

"Nilikuwa namheshimu, Mama."

"Hiyo si heshima, mwanangu. Hakuna si tusi. Mtu akijua mapema, huenda kwengine. Ukiendelea hivi, vuli haitatukuta pamoja."

Niliona aibu, lakini zaidi nilishikwa na udadisi. Mtu mzima mimi, kumbe kuna neno sijajifunza kulitamka! Nikaanza kusikiliza hakuna za watu. Muuza mboga za Bura, anayetandaza mbele ya duka letu, hakuna yake ina siku ndani: "Hakuna, njoo Alhamisi." Fundi viatu huisema bila kuinua kichwa, na wateja wanampenda vilevile. Mama mwenyewe husema, "Hakuna kwangu," kisha anakuonyesha duka la mshindani wake, jambo ambalo kule mbugani lingemfukuzisha mtu kazi. Sikuielewa biashara ya namna hiyo, mpaka nilipoona watu aliowaelekeza kwingine wakirudi kwake wiki inayofuata, hata kabla ya kuuliza pengine.

Nikajizoeza. Ya kwanza nilimpa jirani yangu aliyetaka mbegu za kunde. Nikasema hakuna, nikasubiri anune. Akasema asante, akaniuliza habari za watoto, akaenda zake. Nilibaki nimeshika kaunta, nikishangaa kwamba ni hayo tu.

Mvua zilipoanza, nikamwendea Mama. Kwa woga niliuliza mambo mawili kwa mkupuo: kama nimepita, na kama nitapata Krismasi.

"Kazi ipo," akasema. "Krismasi hakuna. Mvua zikinyesha kupe hawajui sikukuu. Idi nafunga duka, ukae kwako na watu wako."

Njiani sikujua nifurahi au ninung'unike. Nilikuwa nimeacha hoteli kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo ndiyo nimenyimwa. Lakini nilikuwa nimenyimwa waziwazi, nikaona ajabu jinsi jambo la namna hiyo linavyobebeka.

Nilimkuta mke wangu akichambua mchicha. Akauliza lile swali lake la kila mwaka, bila kuniangalia, kama mtu anayetimiza wajibu tu.

"Krismasi utakuwepo?"

"Hakuna," nikasema. "Lakini kazi nimepata, na Idi niko nyumbani."

Mikono yake ikatulia juu ya sinia.

"Kila Krismasi nilikuwa nakuwekea sahani," akasema. "Mwaka huu siweki. Nitaiweka Idi."