Joho Lililoshikizwa kwa Bandi

Fundi alikuwa na hasira ya wiki kumi na tatu, na hasira ikifungiwa ndani muda wote huo inachacha. Jumamosi ile asubuhi alikuwa ameshagombana na pasi, na mkasi, na mteja aliyeleta suruali. Mumewe alipochungulia mlangoni kuuliza kama kuna chai, alijibiwa kwamba hakuna mtu aliyekatazwa kupika. Mzee wa watu akaenda zake.

Hasira yenyewe haikuwa ya suruali. Ilikuwa ya joho.

Kwa miaka tisa Fundi ndiye aliyeongoza wimbo wa kufungia ibada, ule ambao kwaya yote huinua mikono. Ghafla mwalimu wa kwaya akampa wimbo huo wifi yake Fundi, dada wa mumewe. Na wifi, badala ya kupokea kimyakimya, akasema mbele ya wote, "Wifi yangu naye apumzike, sauti imechoka." Watu wakacheka. Fundi akacheka nao, akarudi nyumbani kushona.

Majoho mapya ya kwaya yalikuwa juu ya meza yake, ishirini na mawili. Ishirini na moja aliyapitisha cherehani kama inavyotakiwa. La wifi, kutoka kwapani mpaka kiunoni, alilipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikiza kitambaa kabla ya kukishona. Akalipiga pasi, likatulia kama mengine. Fundi aliujua ule wimbo. Alijua ni ubeti wa tatu mikono inapopanda.

Jumapili ilipofika, ubeti wa tatu mikono ikapanda, na joho likaachia. Kanisa zima likaona gagulo la wifi na pini kubwa iliyolishikilia. Watoto walianza kucheka, wakubwa wakafuata, na mzee mmoja wa kanisa akajifanya anakohoa. Wifi alimaliza wimbo ameubana mkono ubavuni, akatoka. Tangu siku hiyo anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na haimbi.

Fundi alifurahi, tusimsingizie, kwa dakika kama nne hivi. Kisha watu wakaanza kuuliza imekuwaje, naye akasema uzi ulikuwa mbovu. Haikutosha. Kesho yake alikwenda sokoni akamfokea muuza uzi mbele ya wateja wake, akamwita tapeli, mpaka yule baba wa watu akabaki ameshika kasha lake la nyuzi mkononi asijue aliweke wapi.

Toka hapo meza ya Bwana imeandaliwa mara tatu, na mara tatu Fundi ameshikwa na tumbo. Mumewe, asiyejua kitu, akamnunulia dawa ya minyoo. Fundi aliinywa, kwa hasira. Usiku na mchana alimwambia Mungu wazi, bila kupamba: kama umeniona, niumbue tumalizane. Kimya. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Sasa hodi ikabishwa, na aliyeingia ni wifi, amebeba mfuko. Akalitoa joho, akalitandaza juu ya suruali ya mteja.

"Nataka unishonee," alisema.

"Ule uzi ulikuwa mbovu," Fundi akaanza. "Yule muuzaji..."

"Wifi. Mwache yule baba." Wifi akakigeuza kitambaa upande wa ndani, akaweka kidole pale bandi ilipoanzia. "Mshono wa kwanza umerudiwa mara mbili. Nani mwingine anaanza bandi hivi? Mama alitufundisha sisi wawili tu, mimi na wewe, na mimi joho hili sikulishona."

Fundi alikaa. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umemsaliti, ule ule aliofundishwa na mama mkwe kwa upendo.

"Umejua lini?"

"Jumapili ile ile. Nimefika nyumbani, nimevua, nimeona."

"Na ukanyamaza?" Fundi akasimama tena, sauti imepanda. "Wiki kumi na tatu unaniangalia nikijinyonganyonga? Si ungekuja ukanitukana? Si ungesimama kanisani ukasema?"

"Ungependa hivyo?"

"Ndiyo! Ungenivua nguo na mimi, tungekuwa sawa."

"Basi ndiyo maana sikusema," wifi alijibu. "Na usinione malaika. Nimekuchukia mpaka meno yananiuma. Kila nikipiga magoti namwomba Mungu akupe jipu, tena mahali pa kukalia, na wewe kazi yako ya kukaa."

"Halikuja."

"Halikuja. Juzi nikaanza tena, nikajiona nimechoka. Nikasema basi, Bwana, mchukue mwenyewe, mimi jipu la mtu nimeshindwa kulibeba. Na ile ya sauti kuchoka, nilikosa adabu. Nisamehe."

Fundi alitaka kupasuka. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kutengwa, hata kwa kofi. Huku kusamehewa kabla hajafungua mdomo, tena yeye ndiye anaombwa radhi, hakujua pa kukuweka. Alilia kama anayegombana na mtu.

"Nilifanya makusudi," alisema. "Nilihesabu mpaka ubeti. Nisamehe, wifi."

"Nimekusamehe. Lakini muuza uzi si mimi."

"Nitamwandikia barua."

"Ulimfokea kwa mdomo, sokoni, watu wakisikia."

Fundi akamtazama kwa hasira mpya kabisa, kwa sababu ni kweli. "Leo mchana nitakwenda," alisema.

Wifi akalivaa joho lile lililoachia, akasimama katikati ya chumba. Fundi akaweka pini sita mdomoni. Na wifi, mbele ya mwanamke yule yule, akainua mikono yote miwili juu kabisa na kufumba macho.

Pini ziliingia moja moja, mbali na ngozi. Kisha joho likawekwa kwenye cherehani, na Fundi akapitisha mshono kutoka kwapani mpaka kiunoni, akarudi nao tena.

"Mara mbili inatosha," wifi alisema.

"Hebu niache," Fundi alijibu, kamasi zikimtoka, na akapitisha wa tatu.