Heri Mwizi Kuliko Nesi

Mwaka ule wa korona, mama yangu mzazi, mwanamke asiyekosa misa, alinisingizia wizi. Siku aliponiambia nilicheka tu. Hasira ilinipanda kesho yake, nilipoona umbea huo umefanya kazi.

Mbaazi zetu zilikuwa zimelala uani, kavu, hazijapurwa, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Masinga. Kwetu kazi kama hiyo hufanywa na mwethya, kina mama wa kijiji wakizunguka boma hadi boma. Mama alikuwa amempuria kila mtu. Lakini tangu wasikie mimi ni nesi wa wadi ya korona, zamu yetu ilipofika kila mmoja akashikwa na mgongo.

Basi Mama akaenda kwa mwenyekiti wao, akamwambia nimefutwa kazi. Kwa nini? "Ameiba dawa," akasema, eti ndilo lililomjia mdomoni haraka.

Walikuja kumi na wawili! Na fimbo zao, na mayai ya kunipa pole. Miezi yote hiyo walikuwa wakinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, leo mwizi analetewa mayai. Mmoja aliniombea palepale, macho amefumba, Mungu aniondolee pepo la kuiba. Nikaitikia amina. Ningefanya nini, na hizo mbaazi ndizo chakula cha Mama cha mwaka mzima? Yeye mwenyewe hakuthubutu kunitazama. Alipura kama anayeua nyoka.

Saa saba, nusu ya kazi ilikuwa bado na upepo umeanza kunuka mvua. Mwenyekiti akaniita nyuma ya ghala, akashusha sauti.

"Mwanangu, zile dawa ulizoiba, za presha hazikubaki hata kidogo?"

Nikaanza kucheka, kisha nikamwangalia vizuri. Zake zilikuwa zimeisha wiki tatu, kichwa kinamgonga, na hospitali haendi ng'o, huko kuna korona. Nikinyamaza, mbaazi zitaingia ghalani na mama wa watu ataanguka siku moja shambani. Nikisema, ataondoka na jeshi lake lote. Nilimwonea Mama huruma, wallahi, lakini mdomo ulikataa kufunga.

"Sikuiba kitu, mama. Mimi bado ni nesi. Kesho asubuhi njoo hospitali, nitakupokea mwenyewe pale getini."

Aiii! Alirudi nyuma hatua tatu mpaka akagonga ukuta wa ghala. Akavuta leso hadi puani. Akatazama mawingu, akawatazama wenzake, akanitazama mimi.

"Mashine ya kupima uko nayo?"

"Iko kwa begi."

Akakunja mkono wa sweta. Presha ilikuwa juu, nami nikamwambia wazi, bila kumpaka mafuta. Akaapa kesho atakuja. Kisha akachungulia uani kuona kama kuna aliyetuona.

"Lakini mbele ya hawa," akaninong'oneza, "wewe endelea kuwa mwizi."