Neno la Roda na Goli Lililofutwa

Roda Achuka, ambaye mtaa mzima wa Kiwanjani, mjini Isiolo, humwita Mama Apua, alisoma mpaka darasa la sita akaachia hapo, maana mwaka huo ukame ulimaliza ng'ombe wa baba yake. Lakini Kiingereza kidogo alichopata hakukitupa. Aliuza maziwa, akafulia watu nguo, akaolewa na Etabo, fundi wa redio. Serikali ya kaunti ilipoingia, Etabo alinunua dishi, akapigilia mabati nyuma ya nyumba, akapanga mabenchi. Likawa banda la mpira.

Etabo alikuwa na jambo ambalo mabanda mengine hayakuwa nalo. Alipunguza sauti ya TV, akasimama kando yake na kutangaza mpira mwenyewe kwa Kiswahili, mahali pagumu akitia Kiturkana au Kiborana. Watu waliokuja na mbuzi wa mnada walilala mjini kwa ajili yake. Wakirudi makwao na matokeo, wazee waliuliza swali moja tu: "Ni Etabo amesema?" Wakiambiwa ndiyo, maneno yameisha.

Januari ya 2019 Etabo alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Ligi ya Mabingwa wa Ulaya ilikuwa imepumzika, ikingoja mtoano. Roda alinyoa kichwa, akafunga banda. Siku si nyingi akaja Emuria, mdogo wa marehemu, akakaa bila kuvua kofia.

"Shemeji, hii ploti ni ya baba yetu. Nataka niweke stoo ya mahindi hapo."

"Na banda?"

"Banda lilikuwa mdomo wa ndugu yangu. Huo mdomo tumeuzika."

"Mimi pia niko na mdomo."

Emuria alicheka. "Mwanamke atangazie wanaume mpira! Haya, nakupa mpaka hiyo ligi iishe. Lakini watu wakikukimbia kabla, nabomoa."

Roda akasimama kando ya TV. Usiku wa kwanza sauti ilimtetemeka, watu wakakohoa kwa kumwonea haya. Lakini Machi, Ajax walipowapiga Madrid manne hukohuko Madrid, mabenchi yalikuwa yamejaa, na watu wa kijiji cha Gotu walikuwa wameanza kusema, "Ni mke wa Etabo amesema."

Ndipo ikaja robo fainali ya Aprili, City na Tottenham. Isiolo yote ilikuwa Tottenham, kwa sababu Mkenya wetu alikuwa uwanjani. Walikuwa wameshinda moja bila kwao. Sasa huko ugenini walikuwa nyuma, nne kwa tatu. Jumla ni nne kwa nne, na magoli ya ugenini yangewapitisha. Dakika za nyongeza, City wakatia la tano. Uwanja ukalipuka, na papo hapo stima ikapotea.

Gizani, Huqa, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Gotu, akauliza, "Mama Apua, imekwisha?"

Roda hakuona mwisho. Tena alijua msimu huo refa ameletewa video ya kurudia mambo, na goli linaweza kufutwa. Usiku huohuo refa alikuwa ameitazama kwa goli la tatu la Tottenham. Lakini kichwani mwake alimsikia Emuria akicheka.

"Imekwisha," akasema. "City wamepita. Nendeni mlale."

Asubuhi Sadiya, jirani yake muuza maziwa, aliingia bila hata salaam. "Mama Apua, ulituambia nini? Lile goli lilifutwa! Walikuwa wameotea. Tottenham ndio wako nusu fainali!"

Roda akakalia jerikeni. "Huqa yuko wapi?"

"Alipanda lori alfajiri na simu yake imezima. Saa hii Gotu wote wanalia. Wewe sema tu ni stima."

"Stima ilizima TV, Sadiya. Haikuzima mdomo wangu."

Kabla ya saa sita Emuria alikuwa nyuma ya nyumba na futi ya fundi, akipima mabati.

Kwa watu wa Roda, aliyekosea wazee haendi mikono mitupu. Siku ya mnada alinunua tumbako, akaifunga kwa kitambaa, akaenda soko la mifugo akasimama mbele ya wanaume walioketi. Maishani mwake hakuwahi kumwomba mtu msamaha hadharani.

"Habari zenu, wazee."

Huqa akauliza, "Leo unatangaza nini? Mbuzi wangu wamefungwa ngapi?" Wenzake wakacheka.

"Uliniuliza swali, na jibu sikuwa nalo," Roda akasema. "Nikakujibu kama ninayejua. Nilidanganya."

Kicheko kikakatika. Huqa alichora mchangani kwa fimbo.

"Mwalimu mmoja wa Gotu alisikia matokeo kwa redio," akasema. "Walinicheka mpaka mke wangu akacheka. Hiyo si kitu. Baba yangu, Mzee Ado, aliuliza ni nani alisema. Nikamwambia. Akanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kuliniuma."

Akapokea tumbako. "Mimi sitafuni. Nitampelekea mzee, nimwambie ulikuja mwenyewe. Mengine siahidi."

Nusu fainali, Tottenham na Ajax, mabenchi mawili yalikaa wazi. Huqa alikuja, akakaa nyuma kabisa. Emuria alisimama mlangoni amekunja mikono. Ajax wakatia moja mapema. Kipindi cha pili mvua ikaanza kupiga mabati, na picha ikaganda, mchezaji mguu juu.

"Mama Apua," Huqa akaita, "kuna nini huko sasa?"

Banda zima likamgeukia.

"Sijui," Roda akasema.

Mtu akaguna. Mwingine akainuka nusu, akatazama mvua.

"Mpaka hapa ni moja bila, Ajax wako mbele. Baada ya hapa sijui. Tungoje."

Wakangoja, mvua ikipiga. Yule aliyeinuka akakaa. Picha iliporudi, kipenga kilikuwa karibu. Roda alitangaza mpaka wachezaji wakashikana mikono, kisha akasema Tottenham wamefungwa moja bila, nyumbani kwao. Watu wakatoka kimya, kama watu waliopewa habari ya kweli. Huqa alipopita alimwambia tu, "Hiyo nitaipeleka Gotu."

Emuria alibaki akikausha benchi kwa kofia yake.

"Marudiano ni lini?"

"Jumatano ya wiki ijayo."

"Niwekee nafasi mbele."

"Hapa nafasi haziwekwi, shemeji," Roda akasema. "Uje mapema."