Unga wa Boma

Mwaka wa njaa, baada ya wakubwa wetu kunyongwa, unga ulikuwa unapatikana Songea mahali pamoja tu: nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kilwa aliyepewa kazi ya kuwalisha askari. Mimi nilikuwa mjane kijana. Mume wangu aliyanywa yale maji ya dawa, akaondoka na wenzake kwenda kupigana, na risasi zikabaki risasi. Aliniachia mama yake. Mtoto hatukuwa tumepata, na mwaka ule nilishukuru.

Vijiji vyetu vilichomwa moto, lakini kabla ya kuchomwa, maghala yalifunguliwa, mahindi na ulezi vikapelekwa bomani. Tuliobebeshwa ni sisi wenyewe. Kwa hiyo nafaka ilikuwepo, magunia yamepangwa mpaka darini. Kilichokosekana ni unga. Mzungu wa boma akampa yule mfanyabiashara magunia, akamwambia arudishe unga, na namna ya kuupata ni juu yake.

Nilikuwa nimejifunza Kiswahili kwa mapadri wa Peramiho, nikilima bustani yao kabla ya vita. Ndiyo maana siku moja, wanawake wengi tukiwa tumekaa nje ya ua wake tukingoja kutupiwa pumba, mimi peke yangu nilielewa alichokuwa akibishana na mkewe barazani. Walisema kwa sauti, kama watu wanavyosema mbele ya mbuzi.

"Tuwagawie mahindi wakatwangie kwao," alisema Bwana. "Wanatuletea unga, tunawapa pumba na chenga. Hatuwalishi, hatuwalindi."

"Watayala," alisema Bibi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyepaka wanja hata mwaka ule.

"Basi tununue unga tayari kwa Wamatengo. Kule milimani hawakuchomewa mashamba."

"Kwa nguo zipi? Na wakijua boma linakungoja, watadai hata kanzu uliyovaa. Walete watu hapa uani, watwange mbele ya macho yangu."

"Wakitwanga hapa itabidi tuwape chakula. Mtu hatwangi kutwa nzima na tumbo tupu."

Akageuka, akaniona namtazama. "Wewe unasikia Kiswahili?"

"Nasikia, Bwana."

"Ungekuwa wewe ungechagua lipi?"

Nilimfikiria mama mkwe wangu, aliyekuwa amelala chini ya kibanda cha majani upande wa Msamala, miguu imemvimba. Nikasema, "Wape wakatwangie kwao, Bwana. Watu wa kwetu si wezi."

Bibi alicheka kidogo, akaingia ndani. Lakini Bwana alipenda njia isiyomgharimu, akafuata neno langu.

Tulipimiwa kwa pishi. Kila mwanamke alichukua mahindi yake, akatwanga anapojua, akarudisha unga, nao ukapimwa tena. Siku za kwanza mama mkwe alikula unga kidole kimoja kimoja, akikilamba polepole macho ameyafumba. Halafu tukala uji. Nyumba zote zilikula, na kipimo cha kurudisha kilikuwa palepale. Ikabidi kila mmoja atafute cha kujazia: wengine mizizi ya porini iliyokaushwa, wengine magome. Sisi tulitumia udongo mweupe wa mtoni.

"Usichote wa juu, una mchanga," mama aliniambia. "Chimba mpaka upate ulio laini."

Sote tulijua kwamba haitadumu. Mtu mwenye njaa hapangi mambo ya mwezi ujao.

Haukupita muda, askari mmoja akatema ugali mbele ya mzungu, akauonyesha mkononi. Magunia yakafunguliwa. Bwana akaitwa bomani, akalazwa chini, akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya watumishi wake. Walimrudisha wamembeba juu ya kitanda, amelalia tumbo. Bibi alimwosha mgongo kwa maji ya chumvi, akafunga mlango, kisha akatoka kuja kwetu. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Waambie," aliniamuru, "kuanzia leo mtatwangia hapa. Jioni kila mtu atapata chenga kibaba kimoja. Atakayetafuna akiwa kazini, nje. Na mtaimba. Kutwa. Wakiimba nitajua vinywa vyao ni vitupu."

Niliwatafsiria. Mwanamke mmoja akauliza kama kuguna kunatosha. Nilipomfikishia Bibi, akasema kuguna si kuimba, anataka kuona meno.

Basi tukaimba. Vinu vilipangwa uani, wawili wawili kwa kinu kimoja, na Bibi akakaa kwenye kiti cha kamba kivulini. Tuliimba nyimbo za kupeleka bibi harusi kwa mumewe. Tuliimba za mavuno, ingawa shambani mlikuwa na majivu matupu. Nyimbo zilipokwisha tulianza upya. Koo zilikauka kwa vumbi la unga, na maji yalikuwa kwa ruhusa. Waliopita njiani walisimama wakisikiliza. Nadhani walituona tuna bahati, na kweli tulikuwa nayo: waliokuwa nje walikuwa wanakufa.

Mama naye alijikongoja kuja ili apate kibaba chake, tukashika kinu kimoja. Kwa sababu yeye hakuwa na nguvu, mchi wake ulikuwa ukishuka kwa uzito wake tu, na mimi nilitwanga kwa wawili. Tukapata ujanja. Nilipopaza sauti, yeye alinyamaza, akajipangusa uso, na mkono wenye unga ukishuka ulipitia mdomoni. Nilipochoka, aliimba yeye. Kwa mbali ilisikika kama sauti mbili zinapokezana. Uvimbe wa miguu ulianza kupungua.

Unga mkavu ni kitu kibaya kinywani. Siku moja ulimpalia. Alijaribu kuumeza, akakaza shingo, mishipa ikamtoka, kisha akakohoa, na ukatoka mweupe kama moshi mbele ya Bibi aliyekuwa akipita.

Nyimbo zilinyamaza zote.

Bibi aliniuliza mimi, si yeye. "Ulijua?"

Kabla sijajibu, mama akaniambia kwa Kingoni, kwa utulivu kabisa, "Mwambie hukujua. Mwambie nilikuficha."

"Anasema nini?"

"Anasema sikujua, Bibi. Anasema alinificha."

"Na wewe unasemaje?"

"Sikujua, Bibi."

Alitutazama mmoja mmoja. Nilijua kwamba haamini. Akasema, "Basi atoke. Na wewe imba."

Hakumpiga. Ningependa angempiga, akambakisha. Mama aliweka mchi wake ukutani, akajipangusa midomo kama mgeni aliyemaliza kula, akaelekea mlangoni. Niliimba. Nilimwona akishika fito za ua ili asianguke, nami ninaimba wimbo wa harusi, na wenzangu wakaupokea, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kulisha.

Jioni nilitoka na chenga zangu nimezifunga kwenye nguo. Kibandani hakuwepo. Nilimwita mpaka giza likaingia. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba alimwona akipanda kuelekea Matogoro, anakwenda kwake. Kwake palikuwa pameshachomwa. Fisi walikuwa wamenona mwaka ule, hata mchana hawakukimbia watu. Nilipofika kule, siku Bibi aliponiruhusu, niliokota ushanga wake wa kiunoni na kipande cha nguo. Nilivizika hivyo hivyo.

Zile chenga za jioni ile nilizila. Siku ya pili nilikuwa kwenye kinu, nimepewa mwenzangu mwingine.

Mvua ilinyesha, na waliobaki walipata mbegu kidogo, wakavuna. Bwana alipoona watu wana mahindi yao, alifunga ua, akaanza kununua unga tayari kwa nguo na chumvi. Wengine wote aliwaambia waende. Mimi Bibi alinibakisha jikoni. Sikuwa na pa kwenda, na nilishajua kupika anavyotaka.

Miaka kadhaa baadaye alikuja mgeni kutoka pwani, kijana aliyetaka kuanza kazi kama hiyo huko Tunduru. Niliwaandalia kahawa barazani.

"Nimejaribu njia zote," Bwana alimwambia. "Ukiwapa wakatwangie kwao, unaibiwa. Ukiwaweka uani, mkeo hapati raha, kutwa amekaa nje anachunga watu. Nunua unga tayari. Unapima, unalipa, kila mtu anakwenda kwake."

"Na huu wa nyumbani mnanunua pia?" aliuliza mgeni.

"Wa nyumbani tunaye wetu," alisema Bibi, akanielekeza kwa kidevu. "Huyu anatwanga vizuri. Na hasemi sana."

Kijana yule alinitazama, akaomba kahawa nyingine. Nikammiminia.