Kufuli mbili za stoo ya Suna, na mama mkwe aliyeshika ufunguo wa pili

Wakuu, salamu kwenu nyote humu ndani. Mimi ni mfanyabiashara, kwa hiyo nianze na bei, mtu asifike mwisho ndio aulize. Jambo hili lote lilinigharimu kufuli mbili, gunia moja kuukuu na mbuzi dume mmoja.

Kufuli nilizisamehe. Mbuzi ndiye aliyeniuma.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Asiyeamini aje Suna, gunia bado ninalo.

Nimeyakumbuka kwa sababu wiki hii mjukuu wangu amehamisha seva ya duka letu kwenda mode kali ya login. Zamani tulikuwa na password moja, na ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kalenda ili mtu asisumbuke. Sasa ukiweka password, lazima mtu wa pili akubali kwenye simu yake. Asipokubali, seva inakutazama tu.

Kijana akaniuliza, "Kwaro, babu yangu, huyo mtu wa pili awe nani?"

Nikamwambia angoje kwanza. Swali hilo niliulizwa miaka ya sitini, na nilijibu bila kufikiri.

Ilikuwa hivi.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Nilikuwa kijana, nimemuoa Akinyi juzi juzi, na nilikuwa na stoo ya mabati hapa Suna. Akina mama wa soko walinunua samaki wakavu Homa Bay, wengine walivuka mpaka Mbita na Takawiri kutafuta bei nzuri. Magunia yalikuja na lori, yakalala kwangu mpaka siku ya soko. Kila gunia lilinilipa kidogo. Bila wale akina mama, stoo ingebaki nyumba ya panya.

Login ya siku zile ilikuwa jina.

Mtu anakuja, anasema, "Nimetumwa na Adongo, gunia la kona." Namwangalia usoni, nampa. Ndio hivyo tu.

Adongo alikuwa mama wa soko, mfupi, mwenye maneno machache yenye uzito. Siku moja akaja jamaa nadhifu na baiskeli, akasema ametumwa naye. Alijua jina, alijua kona, alijua hata kwamba Adongo anaumwa goti. Nikamsaidia kufunga gunia kwa kamba, nikavuta na fundo liwe imara lisije likamwangukia njiani.

Baadaye Adongo mwenyewe akaja anachechemea, anataka gunia lake.

Hakupiga kelele. Alikaa mlangoni akasema, "Kumbe mali yangu inalindwa na jina langu. Na jina langu liko mdomoni mwa kila mtu."

Nilimlipa gunia lake. Lakini wenzake walishaanza kuulizia stoo nyingine kule karibu na daraja. Nikawaomba wanipe nafasi moja.

Nikaenda Homa Bay kununua kufuli. Mwenye duka la vyuma akaniuliza, "Mlango wako ni mmoja, kufuli mbili za nini?"

Nikamwambia, "Hata mimi naona hivyo. Basi hii ya pili nipunguzie, haina mlango."

Akanipunguzia. Alicheka kwanza, lakini alipunguza.

Nikarudi na mode mpya. Komeo moja, kufuli mbili. Ufunguo mmoja wangu, wa pili wa mtu atakayechaguliwa na akina mama. Stoo haifunguliwi na mmoja peke yake. Ikifunguliwa, wote wawili wako ndani na wote wanahesabu. Na ufunguo hautembei bila mwenyewe.

Wakaniuliza huyo mtu awe nani, nami nikasema kwa majivuno, "Chagueni yule mnayemwamini kuliko wote."

Walienda pembeni, wakarudi hata sijamaliza kukohoa. Walikuwa wamemchagua mama yake Akinyi.

Kwa wale ambao si wa pande hizi, nieleze. Kwetu Ujaluoni mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, si ugomvi. Akipita njia hii, wewe unakumbuka una shughuli njia ile. Na stoo yangu ilikuwa nyembamba, ukinyoosha mikono unagusa magunia pande zote mbili.

Nikasema, "Chagueni mwingine."

"Ulisema tunayemwamini," Adongo akanijibu. "Hukusema asiwe mkweo."

Ndipo likaja lile gunia. Nililipasua, nikalining'iniza katikati ya stoo kama pazia. Asubuhi nafungua kufuli yangu, nasogea pembeni nikitazama barabara. Yeye anakuja, anafungua yake, anaingia upande wake, anakaa kwenye kigoda, ndipo nami naingia upande wangu, nakaa nikitazama ukuta. Wabebaji wanapitisha magunia. Mimi nahesabu kwa sauti, yeye anahesabu baada yangu. Tukipishana tunaanza upya.

Hapo ndipo nilipopata ugonjwa wa kuhesabu kila kitu mara mbili. Hata chenji ya soda.

Siku moja tulipishana, nikasisitiza hesabu yangu ni sawa. Sauti ikatoka nyuma ya gunia, taratibu: "Mkwe, umehesabu lile ulilolikalia?"

Sikuwa nimelihesabu.

Kuna siku nyingine mwanawe mwenyewe, shemeji yangu, alikuja na lori linanguruma nje, anataka mizigo haraka. Mimi nilikuwa Homa Bay. Alikuwa ameuchukua ufunguo wangu nyumbani kwa Akinyi, akamwambia mama yake, "Funguo zote mbili hizi hapa, fungua."

Mama akamuuliza, "Ufunguo nauona. Mwenyewe yuko wapi?"

Lori liliondoka tupu. Shemeji alinuna muda mrefu, na akina mama wa soko wakaanza kuniletea magunia hata kutoka kwa jamaa zao. Mode kali ilikuwa imeanza kulipa.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Mama mkwe alijua mambo. Nikiingia na shati lililokatika kifungo, jioni Akinyi anatumiwa uzi na sindano. Nikikonda kidogo, sauti nyuma ya gunia inauliza, "Akinyi anapika nini siku hizi?" Nilidhani Akinyi ndiye mpelelezi.

Halafu baba mkwe akafariki.

Tulizika. Mama mkwe akabaki nyumbani kama desturi inavyotaka. Mjane mpya hatoki nje ya boma, haendi soko, haendi kwa watu, mpaka taratibu zimalizike. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Akina mama wakasema sawa, mzigo utangoja.

Mvua haikungoja.

Ilinyesha mfululizo, na asubuhi moja nikakuta mtaro wa barabara umefurika, maji yanajipenyeza chini ya ukuta wa stoo. Wakuu, samaki mkavu akishalowa, umerudi sifuri. Mtaji wote wa wale akina mama ulikuwa mle ndani, umekaa sakafuni.

Walikuja wote. Mmoja akasema tuvunje kufuli. Mwingine akasema tung'oe bati tupitie juu. Chuma nilikuwa nacho mkononi, sitaficha.

Adongo akasimama mbele ya mlango na goti lake bovu. "Mimi niliibiwa kwa sababu mlango huu ulifunguka kirahisi," alisema. "Sasa mnataka tuufundishe tena kufunguka kirahisi? Kuna mtu ana ufunguo. Twende kwake."

Tukaenda, mimi na yeye, tope mpaka magotini. Njiani nilipanga maneno kama mtu anayeenda kununua ng'ombe. Kama atasema hawezi kutoka, nitasema hivi. Kama atasema ufunguo hautembei bila mwenyewe, hapo nimenaswa, maana sheria hiyo niliitunga mimi.

Nilibaki nje ya ua wa boma, nikatazama barabara. Adongo akaingia.

Nikasikia hatua zinarudi mpaka langoni, za watu wawili. Nikageuza uso zaidi, karibu niingie kwenye ua.

"Geuka," mama mkwe akasema.

Sikugeuka.

"Geuka, nyathina. Siwezi kuukabidhi ufunguo kwa mgongo."

Nyathina ni mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Nikageuka. Alikuwa amenyolewa nywele, amevaa koti la marehemu, mikono ya koti imemzidi mpaka vidole havionekani. Akauvua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Hesabu zako unazijua," akasema. "Leo hesabu na zangu."

Akarudi ndani.

Tulifungua. Magunia ya chini yalikuwa yameanza kulowa, ya juu yalikuwa salama. Akina mama wakapanga msururu mlangoni. Nilikaa upande wangu, nikahesabu kwa sauti kama kawaida. Kisha nikazunguka gunia, nikakaa kwenye kigoda chake, nikahesabu tena kwa niaba yake. Hakuna aliyecheka.

Nikiwa pale nikaona mwanga kidogo kwenye gunia, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Tundu. Halikuwa limechanika lenyewe. Lilikuwa limepindwa na kushonwa ukingoni kwa uzi mweusi, mshono wa mtu asiye na haraka, ili lisiendelee kukua.

Nikachungulia. Lilitazama moja kwa moja mahali pangu, usawa wa vifungo vya shati.

Wakuu, nilijifuta uso kwa mkono wa shati. Mvua ilisaidia, watu wote walikuwa na uso wa maji.

Wazee walisema kule kutazamana na kushikana mikono lazima kutengenezwe, yaani kusafishwe kimila, kwa hiyo wakadai mbuzi. Nilijaribu kuwashusha mpaka jogoo. Ndiyo biashara pekee niliyoshindwa kabisa maishani, na ukweli ni kwamba sikuvutana sana.

Taratibu zilipoisha mama mkwe alirudi stooni, akakuta gunia liko palepale. Sikuligusa. Hatukuzungumzia tundu hata siku moja. Ila tangu siku ile kabla sijakaa nilifunga vifungo vyote, na nilikula vizuri.

Aliondoka duniani baada ya miaka mingi. Adongo ndiye aliyeniletea ufunguo wake. Tangu hapo zote mbili ziko kwenye kamba moja mfukoni mwangu, na nyinyi watu wa IT mnajua hiyo si security, ni mapambo.

Nilichojifunza: fungeni kwa mode kali kadiri mnavyoweza, lakini kabla ya kufunga pangeni nini kitafanyika siku yule wa pili akiwa msibani. Na msitafute mtu wa pili aliye rahisi kwenu. Tafuteni yule atakayemnyima hata mwanawe.

Sasa naomba ushauri, kwa sababu mjukuu bado anangoja jibu.

Akinyi anasema funguo na seva vyote viwe vya yeye na mume wa binti yetu, yule kijana wa Homa Bay ambaye mpaka leo akimwona mama mkwe wake anakumbuka ana shughuli nje. Nimekubali. Jana Akinyi alilitoa lile gunia, akalifua, akalitundika tena pale katikati ya stoo. Leo asubuhi nimemkuta amekaa kwenye kigoda cha mama yake na uzi mweusi, anaimarisha ukingo wa lile tundu.

Je, wakuu, nimwambie yule kijana wa Homa Bay habari ya tundu, au ninyamaze?